Mkazi, mwenyeji, mzawa: kwani si kitu kimoja?

Juzi nimebishana na jamaa yangu, yeye anasema mkazi, mwenyeji, mzawa, mzaliwa yote ni maneno ya kusema mtu ni wa sehemu fulani basi, tofauti tunazitia sisi tunaopenda ubishi. Na kusema kweli ana pointi. Habari ikisema "wakazi wa Mbeya wamejitokeza" au "wenyeji wa Mbeya wamejitokeza" hakuna anayesimama aulize hao ni wepi.

Mkazi halina shida, limetoka kwenye kukaa, umekaa umekuwa mkazi, ukihama imeisha. Mwenyekiti wa mtaa akikuandikia barua ya utambulisho anaandika mkazi na wala haulizi babu yako kazikwa wapi.

Utamu uko kwenye mwenyeji. Mtu anakwambia "mi mwenyeji wa Kigoma ila nakaa Dar", hapo anataja asili yake. Halafu unashuka stendi usiku, mtu ana begi kichwani anakuuliza "samahani kaka, we mwenyeji hapa?", huyo hana habari na asili yako, anataka kujua kama unaijua njia, na unaweza kumjibu "hapana na mimi mgeni" wakati una mwaka wa pili unalipa kodi ya nyumba mtaa wa nyuma. Bado kuna mwenyeji wa kupokea wageni, mpaka kwenye mpira tuna timu mwenyeji. Jamaa akanirukia hapo hapo, "si unaona, kama mtu anaweza kusema nishakuwa mwenyeji baada ya miezi miwili basi hilo neno halina asili ndani yake". Nikamwambia angalia linavyokaa kwenye sentensi. Ukisema mwenyeji WA Kigoma masikio yanasikia kwenu, ukisema mwenyeji hapa, au nimekuwa mwenyeji, yanasikia umezoea. Hakuna anayesema "nimekuwa mwenyeji wa Kigoma" baada ya likizo, utachekwa.

Sikiliza matangazo ya msiba ndo utaelewa. Marehemu kaishi Dar miaka 40, kajenga, kazeesha, tangazo linasema alikuwa mkazi wa Dar na mwili utasafirishwa kwenda kwao. Kwao! Miaka 40 yote haikutosha kuhamisha hilo neno dogo.

Sasa mzawa. Kwa maana ya kamusi halitofautiani sana na mzaliwa, yote ni habari ya kuzaliwa, lakini mzaliwa limebaki neno la kawaida tu na mzawa likaingia siasa. Miaka ya 2000 mwanzoni Tanzania ilichemka kwa mjadala wa uzawa, yaani kuwapa wazawa kipaumbele kwenye uchumi, Iddi Simba aliyewahi kuwa waziri wa viwanda na biashara akiwa mmoja wa waliolipigia debe. Waliolitaka walikuwa na hoja, kwamba wapo watu waliachwa nyuma kiuchumi tangu ukoloni na huwezi kuwasaidia kama hutaki hata kuwataja. Waliolikataa waliuliza, sa yule Mtanzania mwenye asili ya Asia ambaye familia yake ipo hapa vizazi vinne, ni mzawa au siyo? Kazaliwa hapa jamani. Sheria ilipotoka mwaka 2004 iliitwa ya Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, wananchi siyo wazawa, na mi naona hapo walichagua vizuri, maana mwananchi humwangalii sura. (Mashabiki wa Yanga mnaojiita Wananchi mtulie, siongelei nyie.)

Zanzibar wao neno moja halikuwatosha, kitambulisho kiliitwa cha Mzanzibari Mkaazi, na wanaandika kwa a mbili. Ni mambo mawili hayo, unaweza kuwa Mzanzibari unayekaa Dar, na unaweza kukaa Unguja miaka na miaka bila kuwa Mzanzibari.

Kinachonifanya nisikubaliane kabisa na jamaa ni wale wakimbizi wa Burundi waliokuja 1972 wakawekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Watoto wao wamezaliwa huko, wamesoma huko, Kiswahili chao hiki hiki chetu, ila uraia kwa watu zaidi ya 162,000 ulithibitishwa na serikali mwaka 2014. Kwa hiyo kuna mtu alikuwa mzaliwa, alikuwa mkazi, ukipotea kijijini kwake ndo mwenyeji wa kukuonyesha njia, na bado hakuwa raia. Mwambie huyo kwamba maneno yote ni sawa.

Jamaa akasema hizo ni karatasi tu siyo lugha. Nikamuuliza, haya we mwenyeji wa wapi? Kazaliwa Temeke huyu, kakulia Temeke, na bila hata kufikiri akanitajia kijiji cha babu yake, ambacho amefika mara mbili, zote msibani.