Kisukari na Mifupa ya Mama Mzee: Kipimo Kikitoka Kizuri, Tukiamini?

Majibu ya mashine ya DXA, ile inayopima madini ya mfupa, hutolewa kwa alama. Kwa kigezo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 1994, -2.5 au chini yake ni osteoporosisi, yaani mifupa iliyopungukiwa madini hadi kuvunjika kirahisi. Ajabu ni kwamba mama mwenye kisukari cha aina ya pili mara nyingi hupata alama nzuri, pengine kumpita rika lake asiye na sukari, na bado ndiye anayevunjika nyonga zaidi.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, hujibandika kwenye kolajeni, protini inayoufanya mfupa uweze kunyumbuka bila kukatika. Wakati huohuo mwili huchelewa kubomoa mfupa uliochakaa na kujenga mpya. Ni nguzo yenye zege la kutosha ambayo nondo zake zimeliwa na kutu, nayo DXA inapima zege tu. Uchambuzi wa mwaka 2011, uliounganisha tafiti tatu kubwa za wazee, ulionyesha kuwa mwanamke mwenye kisukari ana hatari ya kuvunjika nyonga sawa na asiye nacho mwenye alama ya chini zaidi kwa karibu 0.6. Ndiyo maana chama cha kisukari cha Marekani, ADA, sasa kinashauri dawa za mifupa zifikiriwe tangu -2.0.

Wanaotaka kina mama wote wa kliniki ya kisukari wapimwe wana hoja: kigezo kikisogezwa, kipimo bado kinasaidia. Lakini kwetu mashine hizi ni chache, ziko hospitali za mijini, na gharama mara nyingi ni ya mgonjwa mwenyewe. Halafu mfupa wa nyonga kwa kawaida huvunjika mtu akianguka. Miguu ina ganzi, macho yameharibiwa na sukari, mkojo unamwamsha usiku, sakafu ya choo imelowa na umeme umekatika. Ongeza insulini au glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, aliyotumia bila kula vizuri, sukari ishuke ghafla. Hapo mimi naegemea upande wa kuanza na dawa anazotumia, kabla ya mashine. Pioglitazoni, kidonge kingine cha kisukari, kwa mfano, huongeza mivunjiko kwa wanawake, na anayeitumia hafai kuachwa bila kuulizwa.

Je, tulegeze sukari ili asianguke? Si jibu jepesi. Utafiti wa ACCORD, uliolinganisha kubana sana sukari na matibabu ya kawaida, haukuona mivunjiko ikiongezeka kwa waliobanwa sukari, wala ikipungua. Ila wale walifuatiliwa kwa karibu mno, tofauti na bibi anayepima sukari siku ya kliniki tu. Kwa mzee dhaifu, HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, chini ya asilimia 8 inakubalika, nami sioni sababu ya kumkimbiza kwenye 6.5.

Vidonge vya kalsiamu visitupumbaze. Jaribio la Marekani lenye wanawake zaidi ya 36,000, lililotangazwa 2006, halikupata punguzo la kuaminika la mivunjiko ya nyonga, na mawe ya figo yaliongezeka. Dagaa na maziwa mgando vinatosha kwa wengi.

Aliyekwisha kuvunjika nyonga kwa kujikwaa tu ni habari nyingine. Huyo anahitaji dawa ya mifupa hata kama DXA haipatikani, ila figo zipimwe kwanza, kwa sababu alendroneti, mojawapo ya dawa hizo, haishauriwi kwa figo zilizochoka sana, na kisukari ndicho kinachozichosha.