Kupumzika kwa Jasho

Mwezi wa kumi ukiingia tu, kundi la WhatsApp la mtaa wa Nairobi hubadilika lugha. Watu waliokuwa wakigombana kuhusu takataka na lori la maji wanaanza kuulizana kwa upole wa kutisha: "Na nyinyi Desemba mnaelekea wapi?" Hilo si swali, ni ukaguzi. Ukijibu "tupo tu", umejianika. Iwe Kilimani, Lavington au zile nyumba za geti moja kule Syokimau, jibu lazima liwe na bahari ndani yake. Na baba wa nyumba, ambaye mapumziko yake halisi yangekuwa kulala hadi saa nne asubuhi bila kuitwa na mtu, anajikuta usiku wa manane akitafuta hoteli za ufukwe wa Diani.

Hapo anakutana na tangazo. Mnazi, mama mwenye kofia pana, na Sh12,000. Anatabasamu, maskini. Hajasoma maandishi madogo. Tuseme ni Sh12,000 kweli: hiyo ni kwa kila mtu, kwa usiku mmoja, tena mkiwa wawili chumba kimoja. Baba na mama ni 24,000. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 kwa kawaida hulipa nusu akilala chumba cha wazazi, kwa hivyo wawili ni 12,000. Usiku mmoja 36,000, siku tano 180,000, na bado hamjanunua hata soda. Maana bei yenyewe ni ya hafu bodi: kifungua kinywa na chakula cha usiku. Mchana ni shauri lenu, na mtoto wa Nairobi aliyetoka kwenye bwawa la kuogelea hula kama fundi aliyeshinda akichimba mtaro.

Subiri, hatujamaliza. Tarehe 24, 25 na 31 hoteli nyingi huongeza ada ya karamu ya lazima. Utalipia kofia ya karatasi, mcheza sarakasi na filimbi ya kupuliza saa sita usiku hata kama wewe saa tatu ushalala. Kabla ya kutuma malipo ya awali, uliza mambo haya, tena yaandikwe: mchana umo? Vinywaji vimo? Nyongeza ya sikukuu ni ngapi? Tukighairi, mnarudisha kiasi gani? Na mtoto anahesabiwa mkubwa akifika umri gani? Hili la mwisho ndilo mwiba. Hoteli nyingi humhesabu mtu mzima akigonga miaka 12, na mashirika ya ndege vilevile. Ndiyo maana mwezi wa Desemba nchi hii haina mtoto wa miaka 12. Wote wana 11, mmoja wao tayari ana ndevu, na ameonywa asiseme neno mbele ya mapokezi.

Kuna pia bei ya mkaazi na bei ya mgeni. Bebeni vitambulisho. Yule shangazi aliyekuja kutoka Marekani, anayeongea Kikikuyu kuliko nyote, akitoa pasipoti ya huko analipishwa bei ya Mjerumani.

Wajanja husema, aa, hoteli ya nini, tukodi nyumba Nyali, Mombasa, tupikiwe. Wazo zuri kwenye karatasi. Mkifika mnagundua stima ni ya tokeni na tokeni ni yenu, na watoto wameshawasha viyoyozi vya vyumba vyote vitatu huku madirisha yako wazi "tusikie mawimbi". Maji ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu, mama anadhani shampuu ni bandia. Gesi inaisha wali ukiwa katikati. Mpishi ni hodari, hilo sibishi, wali wake wa nazi unaweza kusamehe mengi, lakini patana naye kabla: malipo yake ni ya siku au ya mlo, nani anaenda sokoni, na nani analipia tuktuk ya kumpeleka. Na kama mna gari, nendeni soko la Kongowea wenyewe asubuhi mapema. Samaki anayeletwa getini hupimwa kwa macho, na macho yenyewe hutazama kwanza namba ya gari lenu.

Sasa safari. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Gari kubwa la familia, limejaa watu na mizigo, likienda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 48. Tuseme kila lita ni Sh180: hiyo ni Sh8,640 ya kwenda peke yake. Ratiba inasema mtoke saa kumi alfajiri, na ratiba ina busara: mpite mji wa Salama kabla malori hayajaanza kupanda moja nyuma ya jingine, saa mbili mko Mtito Andei, ambako ni nusu ya njia, mnywe chai, saa nne mko Voi. Lakini familia ya Nairobi hutoka saa kumi na mbili na nusu, kwa sababu mtu amerudi kuangalia kama pasi imezimwa. Mara mbili. Basi jua limetoka, na mbele yenu kuna lori la saruji linalopitwa na lori la ngano, yote mawili kwa mwendo wa jongoo.

Na huyo anayejiona dereva mbele ya wanawe akumbuke kwamba ndani ya miji mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Emali ni mji. Mtito ni mji. Kibanda cha nyanya, duka la M-Pesa na mbuzi watatu ni mji pia ikiwa askari ameshika kamera ya mwendo.

Lakini kosa kubwa hufanyika nyumbani, wakati wa kupakia. Gurudumu la akiba, jeki na spana ya nati kwenye magari mengi huwa chini ya sakafu ya buti. Juu yake mnaweka masanduku manne, jokofu la kubebea, boya la umbo la flamingo na katoni ya maji. Pancha ikitokea karibu na Maungu, mtaanika nguo za ndani za ukoo mzima kando ya barabara kuu ndipo mlifikie. Toeni jeki na spana mapema, wekeni chini ya kiti. Upepo wa akiba upimwe pia, maana lile gurudumu halijaguswa tangu gari litoke bandarini. Na magurudumu ya nyuma yanataka upepo zaidi gari likijaa. Kipimo kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, mahali ambapo hakuna baba aliyewahi kutazama.

Heri treni? Heri, hadi stesheni ya Miritini, kando ya mji wa Mombasa. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni Sh1,500, ya daraja la kwanza 4,500, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 ni nusu. Baba, mama na watoto wawili ni Sh4,500 daraja la kawaida. Hapo gari limeshindwa mchana kweupe. Ila tiketi za wiki ya Krismasi huisha mapema sana, na mtu anayeanza kuzitafuta tarehe 15 Desemba ni mtu wa imani. Fika stesheni ya Syokimau zaidi ya saa moja kabla ya treni kuondoka: mabegi yanapangwa mstari yanuswe na mbwa, kisha mashine ya ukaguzi, kisha kitambulisho, kisha kuchapisha tiketi, kisha ngazi. Kile kisu cha kukatia maembe kitabaki pale. Mkishuka Miritini ndipo mnajua treni haiishii ufukweni. Teksi hadi Diani kupitia barabara ya Dongo Kundu, bila kusumbuka na feri ya Likoni, ni maelfu kadhaa, na dereva anajua hamna pa kwenda.

Wenye haraka hupanda ndege ndogo pale uwanja wa Wilson, moja kwa moja hadi Ukunda, mlangoni pa Diani, safari ya saa moja hivi. Mzigo una kikomo cha kilo kwa kila mtu, begi laini. Masanduku magumu yale ya magurudumu hayapendwi, kwa sababu sehemu ya mizigo ni nyembamba na kila kilo inahesabiwa. Hivyo mbele ya abiria wote, familia yenye heshima zake inafungua sanduku sakafuni na kuvalishana majaketi.

Basi mmefika. Mmelipa. Saa nne asubuhi, mmeshiba mayai, mnatelemka ufukweni na taulo zenu, na bahari haipo. Imeenda. Kumebaki matope, mwani, na wale wanyama wa miiba myeusi wanaongoja nyayo za watu wa bara. Watoto wanakutazama wewe, maana wewe ndiye uliyelipa.

Mvuvi yeyote angewaambia bure. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake husogea kama dakika 50 kila kukicha. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua: maji hujaa sana na hutoka sana, na katika pwani yetu kupwa kwa bamvua huangukia mnamo saa nne asubuhi, ile ile saa mtu wa Nairobi amemaliza bafe. Wiki moja baadaye ni maji mafu: hayatoki mbali, na saa nne hiyo hiyo yanakuwa yamejaa. Kwa hivyo kabla ya kulipa, tazama kalenda ya mwezi mbinguni, siyo ya mshahara peke yake. Desemba ina nafuu nyingine, upepo wa kaskazi ushaanza, maji ni masafi. Kusi, kuanzia kama Aprili, ndiyo huleta mwani, na ndiyo maana bei za Mei huwa tamu na hoteli nyingine hufungwa kabisa.

Wanaokataa bahari wana visa vyao. Wa Julai hukimbilia mbuga ya Maasai Mara kuona nyumbu wakivuka mto. Nyumbu wanafika ukingoni, wanasimama kwa muda wa saa tatu, wanashauriana, wanarudi. Wa Agosti hupanda ndege ya Dubai kwa sababu hoteli ni rahisi, na ni rahisi kwa sababu nje ni zaidi ya nyuzi 40, kwa hivyo wanashinda dukani, jambo ambalo lingewezekana pale Westlands. Wa Zanzibar hukumbuka kadi ya chanjo ya homa ya manjano siku mbili kabla ya safari, ilhali chanjo huhesabika baada ya siku 10. Wa Ulaya hulipa yuro 90 kwa kila mtu mzima ya kuomba viza tu, na juu yake bima ya safari yenye fidia isiyopungua yuro 30,000, na wakinyimwa hiyo 90 hairudi. Nanyuki sina neno nayo. Kuna baridi, kuna nyama, mtu anarudi.

Lakini tuambiane ukweli ambao hauandikwi kwenye kundi la mtaa. Familia hizi haziendi Diani kwa ajili ya bahari. Dada wa kazi huenda ushago tarehe 20 Desemba. Usiku ule ule watu wazima wawili wenye shahada nne kati yao husimama jikoni wakiulizana sufuria ya maziwa huwekwa wapi, na kufikia asubuhi Sh36,000 kwa usiku inaonekana ni bei ya haki kabisa.

Alisema atarudi tarehe tatu. Mwezi hakutaja, na simu yake imezimwa.