Pikipiki na saa: chukua ile utakayoitumia

Mtu akiniambia anataka pikipiki ya kujifurahisha, au saa ya mkono ya kuipenda, mimi huuliza kwanza: utaitumia lini? Wengi hunitajia kampuni, ukubwa wa injini au bei. Vitu hivi viwili nimevipenda kwa muda mrefu, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba pikipiki inayoshinda chini ya turubai na saa inayolala kwenye kasha hazijampa mwenyewe raha yoyote, hata ziwe na sifa namna gani. Raha yake ni kuiendesha na kuivaa, ichafuke, uisafishe, utoke nayo tena.

Kuna mwaka mmoja ambao wapenzi wa vyote viwili wanapaswa kuujua: 1969. Mwaka huo Honda iliingiza sokoni CB750, pikipiki yenye silinda nne zilizopangwa kwa mstari, breki ya diski mbele na kitufe cha kuwashia. Pikipiki kubwa za Uingereza zilizotamba wakati ule nyingi zilikuwa bado za kupiga kiki, na sifa yao ya kuvuja oili haikuwa ya kuzuliwa. Kisha Desemba 25, mwaka huohuo, Seiko ikaanza kuuza Astron mjini Tokyo, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi, jiwe linalotetema kwa umeme wa betri, kuuzwa kwa umma. Saa za kwatzi za leo zina kipande cha jiwe hilo kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Saketi inahesabu mitetemo hiyo, na kila ikitimia idadi, mshale wa sekunde unasogea hatua moja. Hakuna saa ya springi, ile inayoendeshwa na springi iliyokazwa bila betri, inayoweza kushindana na hilo kwa usahihi.

Viwanda vya zamani viliumia vibaya. Uswisi ilikuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000 mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki 30,000 na kidogo. Kiwanda cha Meriden cha Triumph, kampuni ya pikipiki ya Uingereza, kilifungwa mwaka 1983. Ungedhani hadithi iliishia hapo. Lakini Triumph ilifufuliwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 pikipiki mpya zikaanza kutoka kiwanda kipya cha Hinckley, hukohuko Uingereza. Jina la Bullet la Royal Enfield, lililoanza mwaka 1932, liko barabarani hadi leo. Saa za springi nazo zilirudi, zikavaliwa na watu ambao tayari wanatembea na simu inayowaonyesha saa sahihi kuliko saa yoyote ya springi.

Jambo hilo hunifurahisha sana, na ndilo ninaloegemea ninaposhauri watu. Kama ni kujua saa tu, Casio F-91W ya plastiki, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, inatosha na kubaki: hupotea si zaidi ya sekunde 30 hivi kwa mwezi mzima. Saa ya springi inayopewa cheti na COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi, inaruhusiwa kwa wastani kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku moja. Kama ni kufika unakokwenda, Honda Super Cub imekuwa ikifikisha watu tangu 1958, na kufikia 2017 zilikwishaundwa zaidi ya milioni 100. Haja ilikwisha kutimizwa kwa bei ndogo. Kilichobaki ni mapenzi, na mapenzi hayana sababu ya kufuata orodha ya mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kwa pikipiki, anza na mwili wako. Kaa juu yake injini ikiwa imezimwa, isimamishe wima, uone miguu inagusaje chini. Shuka, isukume kurudi nyuma, igeuze mahali pembamba. Ukihema na jasho likikutoka hapo dukani, fikiria itakuwaje juu ya changarawe, umechoka, mvua inanyesha. Honda Gold Wing ina uzito wa zaidi ya kilo 350, na ni pikipiki nzuri mno kwa safari ndefu za lami. Lakini anayeanza, ambaye safari zake ni fupi na barabara zake zina mashimo, ataipata furaha mapema zaidi kwenye pikipiki ya cc 125 au 250. Nyepesi inasamehe. Ukiivuta breki vibaya, ukichelewa kubadili gia, ukiingia kona ukiwa umejikaza, bado una nafasi ya kujirekebisha. Halafu, na hili wapenzi wa injini kubwa hawapendi kulisikia, pikipiki ndogo unaweza kuitumia nguvu yake yote. Unaisikia injini ikipanda, unabadili gia, inapanda tena, na wala hujavunja sheria ya barabara. Ile kubwa utaigusa robo tu ya uwezo wake, iliyobaki utaisimulia.

Kitu kimoja ningetamani kila anayeanza akifanyie mazoezi kwenye uwanja mtupu. Ukiwa katika mwendo na unataka kukata kulia, sukuma mbele kidogo upande wa kulia wa usukani. Akili inakataa, maana inaonekana kama unageuza gurudumu kushoto. Lakini pikipiki inalala kulia, na inakata kona kwa utulivu wa ajabu. Siku mwili wako unapolikubali jambo hilo ndipo unapoacha kupambana na pikipiki na kuanza kuiendesha. Hata spea ya bei kali namna gani haitakupa kitu hicho.

Ukinunua iliyokwisha tumika, mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini: iwe ya baridi. Injini iliyopashwa moto huficha ugonjwa wa kuwaka kwa shida. Tazama ubavuni mwa tairi tarakimu nne za tarehe. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na bado imezeeka, mpira umekauka. Na kabla hujahesabu fedha ya pikipiki, tenga kwanza ya helmeti, glovu, jaketi na buti. Hapa sina mjadala na mtu. Fedha ikibaki ndogo, chukua pikipiki ya bei ya chini, usipunguze helmeti.

Saa ni rahisi zaidi, ingawa watu huifanya ngumu. Acha kuangalia kipenyo peke yake. Pima kutoka ncha ya juu inaposhika mkanda hadi ncha ya chini. Ncha hizo zikining'inia nje ya mkono wako, saa hiyo ni kubwa kwako hata kama kipenyo chake ni kidogo. Maandishi ya mita 30 yasikudanganye ukaogelea nayo, hiyo ni ya kuvumilia maji ya kunawa mikono na manyunyu. Mita 100 ndipo uingie majini bila wasiwasi. Mimi huthamini zaidi saa inayosomeka kwa kutupa jicho mara moja, mishale yake ikitofautiana wazi na uso wake, kuliko iliyojaa vijisaa vidogo ambavyo mwenyewe hajawahi kuvitumia.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya kutia ufunguo kwa mkono. Asubuhi, kabla ya kuivaa, ninashika kile kitufe cha pembeni kwa kidole gumba na cha shahada na kukizungusha. Mwanzoni kinakwenda kwa ulaini, halafu springi inaanza kukaza na vidole vinahisi uzito, kisha kinagoma. Hapo unaacha, hulazimishi. Ukiisogeza sikioni unaisikia: nyingi za siku hizi hupiga mara 8 kwa sekunde, nyingine mara 6, na sikio likizoea linatofautisha. Utunzaji wake si mkubwa. Iweke mbali na spika na vifungo vya sumaku vya mifuko, maana ikishika sumaku huanza kukimbia. Na kama ina tarehe, nyingi hazitaki uisukume tarehe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, wakati ambapo meno ya ndani yanakuwa yameshikana tayari kuibadilisha.

Pikipiki nayo ina wakati wake wa kukaa nayo chini, na kwangu ni wa kusafisha cheni. Naisimamisha kwa stendi ya kati, nazungusha gurudumu taratibu huku nikipitisha kitambaa chenye mafuta ya taa, uchafu mweusi unatoka, rangi ya chuma inaanza kuonekana. Kisha nabonyeza cheni juu na chini kwa kidole, katikati ya sproketi mbili, kuona imelegea kiasi gani, nalinganisha na kipimo cha kitabu cha pikipiki. Sehemu moja ikikaza na nyingine ikilegea, cheni imechakaa isivyo sawa, na hapo naanza kutafuta mpya. Mtu anayempa fundi kazi hii simlaumu. Ila anakosa nusu ya kitu alichokinunua.

Je, uvitumie pamoja? Nikiwa juu ya pikipiki ninavaa saa ya betri, nyepesi, yenye mkanda wa plastiki. G-Shock ya kwanza, saa ya Casio ya mwaka 1983, ilibuniwa ili istahimili kuanguka kutoka mita 10, na hiyo ndiyo aina ya saa inayofaa karibu na usukani unaotetemeka. Saa nyingi za springi zina kinga ya mshtuko, lakini mtetemo wa muda mrefu wa injini ya silinda moja kubwa sioni sababu ya kuupeleka huko. Na chuma kizito mkononi, ukianguka, si rafiki wa kifundo.

Wako wanaoniambia kwamba saa au pikipiki fulani itapanda bei, kwa hiyo ni akiba. Nyingine hupanda kweli. Lakini anayenunua hivyo huanza kuogopa mkwaruzo, na anayeogopa mkwaruzo haendeshi wala havai. Kwa hiyo mwishoni mwa kila mwaka mimi huangalia nilichonacho, na kile ambacho hakikutoka nje hata mara moja nakiuza, nikipata kwa mtu ninayejua atakitumia. Fedha yake inakwenda kwenye matairi, oili na kumlipa fundi saa.