Joto la rezini lipigiwe hesabu kabla ya kumimina

Boti ya faiba tuliyokuwa tukiitengeneza pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, ilikuwa imepasuka kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa boti, mahali ambapo ganda ni nene kuliko kote. Mwenyewe alikuwa na haraka, maana siku za giza za kuvulia dagaa zilikuwa hazijaisha. Tukapanga vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyoloweshwa rezini, gundi ya majimaji inayoganda ikichanganywa na dawa iitwayo hadina, kwa mkupuo mmoja, tabaka juu ya tabaka, hadi sentimita 2, jua la saa saba likiwaka. Nusu saa haikupita, kiraka kikaanza kufuka moshi. Kilipopoa kilikuwa cha kahawia, kimejaa nyufa katikati.

"Hadina imezidi, mwanangu," fundi mkuu akaniambia.

Shikamoo yake naitoa kila asubuhi, lakini hapo sikukubaliana naye. Hadina tuliipima. Kilichotuponza ni unene.

Rezini haikauki kama tope juani. Inaganda kwa mmenyuko wa kemia unaotoa joto, na joto likipanda, mmenyuko nao unakwenda mbio zaidi. Kwenye ganda la milimita 4 joto hilo hutoroka upesi. Unene ukiongezeka mara 5, muda wa joto kutoka katikati huongezeka mara 25, na faiba yenyewe hupitisha joto kwa shida.

Hayo kompyuta ingetuonyesha mapema. Programu hugawa unene vipande vyembamba, kisha kila sekunde chache hukokotoa, kwa kila kipande, joto lililoingia, lililotoka na lililozaliwa humo humo. Kanuni zake ni za zamani: ya Fourier ya mwaka 1822, kuhusu joto linavyosafiri, na ya Arrhenius ya 1889, kuhusu joto linavyoharakisha mmenyuko. Watu huniambia hayo ni ya ndege, kama Boeing 787 ambayo karibu nusu ya uzito wake ni nyuzi na rezini. Sikubali. Hesabu ya kiraka laptop ya mwanafunzi inaimaliza kwa dakika chache.

Ila kompyuta haiijui rezini yako. Lazima umimine kidogo kikombeni, utumbukize waya wa kupimia joto, uandike kila dakika. Bila vipimo hivyo, michoro mizuri ya rangi itakudanganya.

Kiraka kile tulikikata, tukakirudia kwa awamu 4 za milimita 5, awamu moja kila jioni. Mwenye boti akakosa siku 4 za giza. Natamani kila karakana ya boti Kigoma ibandike ukutani jedwali lililotokana na hesabu hiyo: unene huu, hadina kiasi hiki, subiri saa kadhaa.