Rangi ya Cleopatra

Aprili 2023, Netflix ilipotoa kionjo cha filamu yake ya makala kuhusu Cleopatra, malkia wa Misri ya kale, Misri iliwaka moto. Mwigizaji alikuwa Adele James, Mwingereza chotara, na humo ndani msomi mmoja anasimulia alivyoambiwa na bibi yake: wakufundishe watakavyo shuleni, Cleopatra alikuwa mweusi. Wakili mmoja wa Misri akapeleka malalamiko kwa mwendesha mashtaka akitaka Netflix ifungiwe. Wizara ya mambo ya kale nayo ikatamka kwamba malkia alikuwa mweupe, mwenye sura ya Kiyunani.

Kwa upande wa ukoo, Wamisri wana hoja. Cleopatra, aliyefariki mwaka 30 KK, ni wa uzao wa Ptolemaio, jemadari Mmakedonia wa Alexander Mkuu, na katika nyumba ile kaka kumwoa dada lilikuwa jambo la kawaida. Ila mama yake hajulikani kwa hakika, wala mama wa baba yake. Wizara inayotaja rangi ya ngozi yake kana kwamba ilipata kumwona imejipa ujuzi isio nao.

Watetezi wa makala hiyo huuliza mbona Elizabeth Taylor, mwigizaji mzungu aliyekuwa Cleopatra katika filamu ya Hollywood ya 1963, hakumkera mtu. (Kweli Misri ilimpiga marufuku Taylor miaka hiyo, lakini kwa kuiunga mkono Israeli.) Swali hilo linauma, na acha liume. Hata hivyo, uongo wa Hollywood wa jana hauwi ushahidi leo. Ingekuwa tamthilia, nisingesema neno: katika Hamilton, mchezo wa jukwaani wa Marekani, tangu 2015, George Washington, rais wa kwanza wa nchi hiyo na mzungu, huigizwa na mtu mweusi na hakuna anayedanganyika. Hii ilijiita makala, ikawaketisha wasomi mbele ya kamera. Anayeitazama ana haki ya kuuliza, mmejuaje?

Nami ninachokijutia ni kingine kabisa. Kusini ya Misri, katika ufalme wa Kush, Sudani ya leo, malkia Amanirenas alikuwa akipambana na Warumi miaka michache tu baada ya kifo cha Cleopatra. Weusi wake hauna mjadala. Wakushi waliteka kichwa cha shaba cha sanamu ya Kaisari Augusto wakakifukia mlangoni mwa hekalu huko Meroe, mji mkuu wao, kila aingiaye akikanyage. Kilifukuliwa 1910. Sasa kimo ndani ya kabati la kioo, British Museum, London.