Meza ya mgeni

Kamati ya harusi ya mdogo wangu ilikuwa inakaa Walukuba, Jinja, kila Jumapili baada ya alasiri, chini ya mwembe wa Hajati. Hajati ndiye mweka hazina. Mimi karani, kwa sababu moja tu: nina laptopu. Bibi harusi ni wa Masaka, kwa hiyo kabla ya ndoa palikuwa na kwanjula, sherehe ya Waganda ya bwana harusi kutambulishwa ukweni, na kwanjula hamwendi mikono mitupu. Basi la kukodi, magauni ya gomesi ya akina shangazi, makreti ya soda, jogoo wa shemeji. Ahadi zilikuwa nyingi kuliko hela, na zote zilikaa kwenye jedwali moja ndani ya laptopu yangu: jina, ahadi, alicholipa, baki.

Alhamisi usiku diski ikaanza kulia. Ka-tak. Kimya. Ka-tak, ka-tak, kama mtu anayewasha kiberiti kilicholowa. Windows ikafika pale inapozungusha vidoti na kukwama hapo. Nikala, nikaosha sahani, nikarudi. Bado inazungusha.

Nakala ya pili? Usiniulize. Hajati alishaniuliza, inatosha.

Jirani akanishauri niitie diski kwenye friza, eti baridi huikaza. Nilikuwa nimeshasogeza mukene, dagaa wetu, nipate nafasi, fundi wa simu wa mtaani akapiga ukelele: itavuta unyevu, ife kabisa! Akaniazima flashi yenye Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Jina lenyewe ni utu, na Waganda wana neno lao hilohilo, obuntu, nikaona dalili njema. Kompyuta itaamka kwa flashi, akasema, diski ilale kando kama mgonjwa, wewe uingie taratibu uchukue vyako. "Ukiulizwa, chagua kujaribu. Usiguse kusakinisha, kaka, utafuta mpaka jina la bwana harusi."

Nikabonyeza F12 kama mtu anayebisha hodi huku anakimbizwa. Ikaamka! Nikaifungua diski, folda ikachukua dakika kumi kuonekana, ka-tak, ka-tak, hatimaye faili hilo hapo. Nikalinakili, nikalibandika kwenye meza ya kompyuta, ile desktop, pale mbele, nilione vizuri. Nikalifungua. Majina yote 31, hata herufi haikupotea.

Kwa furaha nikampigia Hajati usiku uleule, nikamsomea mstari kwa mstari. Huyu kaahidi laki tano, kalipa elfu hamsini. "Mh." Huyu laki tatu, hajatoa kitu. "Mh." Kila jina "Mh", nami nikajua mama wa watu anasikitika. Mstari wa 17 niliuruka, kwa haraka tu. Kisha nikazima mashine kwa heshima zote, nikalala usingizi wa bwana harusi.

Asubuhi nikawasha kwa flashi ileile. Meza nyeupe. Nikazima, nikawasha. Nyeupe. Nikamkimbilia fundi.

"Ulihifadhi wapi?"

"Kwenye meza."

"Meza ya nani?"

Nikabaki namtazama.

"Kaka, hiyo meza ni ya mgeni. Mgeni akiondoka, anaondoka nayo."

Kumbe mfumo ule wote ulikuwa unaishi kwenye ramu, kumbukumbu ya muda, na ukizima umeme kila kilichomo kinayeyuka. Nilitakiwa nichomeke flashi nyingine, ninakili huko. Au bora zaidi, akasema, niazime diski nyingine kubwa isiyo mbovu, nitumie ddrescue, programu ya kuokoa data: inachota kwanza sehemu nzuri, halafu ndiyo inarudi kubembeleza zile korofi, na inaandika ramani ya ilipofika, umeme ukikatika inaendelea palepale. Ramani nayo iwekwe kwenye hiyo diski ya kuazima, si mezani! Na umeme Jinja unakatika kama kwingine, ingawa bwawa tunalo hapa hapa tangu 1954. Nikakimbia kuazima diski. Nilipoiwasha ile mbovu ikatoa ka-tak tatu, ikanyamaza. Kompyuta ikasema haimjui mtu huyo.

Jumapili nikasimama chini ya mwembe nikatangaza msiba. Watu wakaupokea kwa subira ya ajabu. Mzee wa laki tano akainuka akamshukuru Mungu kwamba yeye alikwisha maliza. Wa laki tatu naye alimaliza. Shangazi mmoja alizidisha, akauliza chenji yake iko wapi. Kufikia magharibi harusi ilikuwa imeshalipiwa mara moja na nusu, huku mkoba wa Hajati hauna hata nauli ya Masaka. Yeye kimya, anamenya karanga.

"Na karani?" mwenyekiti akauliza.

Sijui nini kilinipata. "Mimi nilimaliza mwezi uliopita."

Hajati akakung'uta maganda, akafungua mkoba, akatoa karatasi ya kalenda ya mwaka jana. Nyuma yake, biki ya bluu kutoka juu hadi chini.

"Mwanangu, siku ile ulidhani naguna?"

Akaanza kusoma. Mzee wa laki tano akakumbuka ana mgonjwa. Shangazi akashika simu ambayo haikuita.

"Thelathini," Hajati akamaliza. "Wa thelathini na moja hakusomwa, lakini hela napokea mimi. Laki mbili."

Nikatoa simu mbele ya watu, nikaanza kubonyeza. Akainama kuangalia kioo.

"Weka na ya kutolea."