Sifuri Iliyotolewa Jasho

Juma lililopita mhariri mmoja alinirudishia makala yangu kuhusu momenti ya dipoli ya umeme ya nyutroni, akiwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hawakupata kitu. Habari iko wapi?" Maneno hayo yamenikaa rohoni, kwa sababu si yake peke yake. Kila matokeo mapya ya majaribio haya yanapotoka, hupokewa kana kwamba wanafizikia wamerudi mikono mitupu kutoka safari ya zaidi ya miaka sabini. Nasema kwa dhati kwamba hawakurudi mikono mitupu.

Nyutroni haina chaji kwa jumla, lakini ndani yake mna kwaki, chembe ndogo zaidi, zenye chaji chanya na hasi. Linaloulizwa ni kama kitovu cha chaji chanya na kitovu cha chaji hasi vinakaa mahali pamoja, au vimeachana kidogo kuufuata mhimili wa spini, yaani ule mzunguko wa asili wa chembe; mwachano huo ndio dipoli. Ukiurudisha wakati nyuma, spini hugeuka, kama vile pia ya mtoto inavyoonekana ikizunguka upande wa pili filamu inapochezwa kinyumenyume, ilhali mpangilio wa chaji hubaki vilevile. Kwa hiyo nyutroni yenye dipoli ingekuwa imevunja ulinganifu wa wakati, yaani kanuni kwamba sheria za fizikia ni zilezile wakati ukienda mbele au nyuma. Na, kwa mujibu wa kanuni ya CPT inayofungamanisha chaji, kioo na wakati, ingekuwa imevunja vilevile ulinganifu wa CP, yaani ule wa kubadilisha chembe na antichembe yake huku ukiitazama kwenye kioo. Tangu mwanafizikia Andrei Sakharov aandike mwaka 1967, tunajua kwamba bila uvunjaji huo ni vigumu kueleza kwa nini ulimwengu umejaa maada huku antimata, pacha wake mwenye chaji kinyume, ikiwa imetoweka.

Sasa natamani mhariri yule asogee karibu aone sifuri hiyo ilivyopatikana. Katika Taasisi ya Paul Scherrer nchini Uswisi, nyutroni zilizopozwa hadi zikawa na mwendo ambao binadamu anaweza kuukimbilia zilifungiwa ndani ya chombo kwa sekunde 180, zikayumba kama ile pia ya mtoto katika uga dhaifu wa sumaku, huku uga mkali wa umeme ukielekezwa mara upande huu, mara upande ule. Iwapo kuna dipoli, kasi ya kuyumba ingebadilika kidogo kila uga wa umeme ulipogeuzwa. Ndani ya chombo hichohicho atomi za zebaki zilikuwa zikipima sumaku, maana badiliko dogo tu la sumaku lingeweza kudhaniwa kuwa ndiyo dipoli yenyewe. Mzunguko huo ulirudiwa zaidi ya mara 50,000, kila mara kwa nyutroni zipatazo 11,000. Hata hivyo, jambo linalonigusa kuliko yote ni kwamba data zilitiwa namba ya siri inayolisogeza jibu, na makundi mawili ya wachambuzi yakapewa namba tofauti, ili mtu yeyote asije akalivuta jibu kuelekea anakotamani yeye. Namba hizo zilipoondolewa, jibu lililochapishwa mwaka 2020 lilikuwa 0.0, na kosa la upimaji lisilozidi sana 1 × 10⁻²⁶ e·cm (chaji ya elektroni mara sentimita za mwachano). Kutokana na kosa hilo hupatikana kikomo, yaani ukubwa ambao dipoli, kama ipo, haiwezi kuuzidi. Nyutroni ingekuzwa ikawa na ukubwa wa Dunia, kikomo cha mwachano wa chaji kingekuwa kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwaka 1957, wanafizikia Smith, Purcell na Ramsey walikuwa wamefikia kikomo cha 5 × 10⁻²⁰. Kikomo kimeshuka zaidi ya mara milioni mbili.

Na sifuri hiyo imefanya kazi. Nadharia ya nguvu kali, ile inayozifunga kwaki pamoja, inaruhusu namba iitwayo pembe theta, ambayo ingeipa nyutroni dipoli na haina sababu yoyote inayojulikana ya kuwa ndogo, lakini nyutroni inailazimisha iwe chini ya takriban 10⁻¹⁰. Ili kueleza udogo huo, wanafizikia Peccei na Quinn walitoa pendekezo lao mwaka 1977, na kutokana nalo likazaliwa wazo la aksioni, chembe ambayo leo inasakwa pia kama mojawapo ya maelezo ya maada ya giza, ile isiyoonekana ila kwa mvuto wake. Kwa upande wa elektroni, kikomo cha 4.1 × 10⁻³⁰ e·cm, kilichopatikana Boulder, Marekani, mwaka 2023 kwa ioni za hafni na florini, kimeyabana matoleo mengi ya supasimetri, nadharia inayoipa kila chembe mwenza ambaye bado hajaonekana.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kikomo hakimwambii mtu atafute chembe gani, na kwamba thamani inayotabiriwa na Modeli Sanifu, nadharia ya sasa ya chembe na nguvu zake, ni ndogo mno hata huenda kizazi chetu kisiifikie. Nakubali pia kwamba CP ilikwisha kuonekana ikivunjwa katika kaoni, chembe za muda mfupi, mwaka 1964, na kwamba wanafizikia Kobayashi na Maskawa walionyesha mwaka 1973 jinsi inavyowezekana. Lakini uvunjaji wa aina hiyo hautoshi hata kidogo kueleza maada tuliyoumbwa nayo, na ndiyo maana pengo lililopo kati ya kikomo cha leo na utabiri huo ni mahali pa kuchimba: dipoli yoyote itakayojitokeza humo haitakuwa na maelezo mepesi ndani ya fizikia tunayoijua.

Jana jioni nilimrudishia mhariri makala ile. Nimerekebisha alama za uandishi alizozitaka, na ile 0.0 nimeihamishia kwenye sentensi ya kwanza.